Akili ya mtu mzima haina kilele kimoja

Mwaka 2025 jarida moja la kitaalamu la saikolojia lilichapisha uchambuzi wa Gilles Gignac wa Chuo Kikuu cha Australia Magharibi na Marcin Zajenkowski wa Chuo Kikuu cha Warsaw. Walisema kwamba mtu akitazamwa kwa ujumla wake, akili pamoja na tabia, hufikia kilele baina ya miaka 55 na 60. Habari hiyo ilipofika kwenye simu zetu huku Unguja na Pemba ilikuwa imeshanyofolewa nyama yote, imebaki sentensi moja tu: wataalamu wamethibitisha akili hukomaa mtu akikaribia miaka 60. Wazee wakaisambaza kwa furaha, hasa wale waliokabidhiwa barua za kustaafu karibuni. Vijana wakajibu kwa picha za waheshimiwa wanaosinzia mikutanoni. Pande zote mbili zimeteleza pale pale, kwa kudhani akili ni kitu kimoja kinachopanda na kushuka kwa pamoja. Hoja yangu ni kwamba uwezo wa kufikiri wa mtu mzima ni mambo kadhaa yenye mwendo tofauti, na kwamba visiwani mwetu sehemu kubwa ya kile tunachokiita uzee wa akili ni skuli ambayo mtu hakuipata, presha isiyotibiwa na sikio lisilosikia. Mtu akilikubali hilo, mabishano ya nani aondoke na nani abaki hayawezi kuendelea kama yanavyoendelea sasa.

Jambo lenyewe si geni. Miaka ya 1940 mwanasaikolojia Raymond Cattell alipendekeza kuwa akili ina sura mbili, na mwanafunzi wake John Horn akaiendeleza hoja hiyo miaka ya 1960. Sura ya kwanza ni uwezo wa kufumbua jambo jipya papo hapo: kuona mpangilio ambao hujapata kuuona, kushika mambo manne kichwani kwa wakati mmoja, kuamua haraka. Ya pili ni akiba: msamiati, ujuzi wa kazi, ufahamu wa watu, yale yote mtu aliyoyachuma kwa kusoma na kuishi. Ya kwanza huanza kupungua mapema kuliko wengi wetu tungependa kusikia. Joshua Hartshorne na Laura Germine, katika utafiti wa mwaka 2015 uliotumia majaribio ya karibu watu 50,000 kwa njia ya intaneti, walikuta kasi ya kuchakata taarifa iko juu kabisa kwenye miaka 18 au 19. Kumbukumbu ya muda mfupi hupanda mpaka karibu miaka 25, hutulia kidogo, kisha huanza kushuka kwenye miaka 35. Kumtazama mtu machoni ukajua ana hasira au huzuni kunafikia ubora wake kwenye miaka ya arubaini na hamsini. Msamiati unaendelea kupanda hata baada ya miaka 60. Ukiuliza mtu huwa hodari umri gani, data hizo nazo zinakuuliza: hodari wa nini?

Anayetaka kuliona hili bila takwimu aende barazani alasiri, Mji Mkongwe au Wete, atazame watu wakicheza bao. Mashimo 32, kete 64, na kete moja ikiishia pasipo pake hali yote inageuka. Mtafiti wa Kiholanzi Alex de Voogt, aliyewachunguza mafundi wa bao wa Zanzibar kwa shahada yake ya uzamivu huko Leiden miaka ya 1990, aliuchukulia mchezo huu kuwa mahali pa kutazamia akili ya mwanadamu inafika wapi, na hakukosea. Mtazame kijana anayejua kucheza: macho yanaruka shimo hadi shimo, midomo inahesabu, mkono unapiga upesi. Mzee aliyekaa mbele yake hukawia. Anatazama, anapiga funda la kahawa, anatazama tena. Akinyanyua mkono hahesabu. Anasambaza kete huku anamjibu mtu anayepita na baiskeli, maana ameshaona nyumba ya mwenzake itakavyoliwa. Timothy Salthouse wa Marekani alikuta jambo la namna hiyo mwaka 1984 kwa wapiga taipu wenye umri wa miaka 19 hadi 72. Wakubwa walikuwa wazito kubonyeza kitufe walipoonyeshwa alama moja moja, lakini wakipewa waraka wa kuchapa walikwenda sawa na vijana, kwa sababu macho yao yalitangulia mbele zaidi ya vidole. Walipofichiwa maneno ya mbele, wakabaki nyuma. Hapo ndipo penye somo, kwani akiba ya mtu mzima hufanya kazi pale mazingira yanapofanana na yale aliyoikusanyia. Mbadilishie mzee wa bao mchezo, mpe mpya kwenye simu wenye saa inayokata sekunde, na kijana atamfunga mpaka magharibi.

Gignac na Zajenkowski wanalijua hili fika. Walichofanya ni kuchukua vipengele 16 kutoka tafiti zilizokwisha kufanyika: kufikiri, kumbukumbu, kasi, maarifa, ufahamu wa hisia, uelewa wa mambo ya fedha, maamuzi ya kimaadili, pamoja na sifa za haiba kama kutimiza wajibu na utulivu wa moyo. Wakavipa uzito, wakavijumlisha. Kutimiza wajibu kulikuwa juu kwenye miaka 65 hivi, utulivu wa moyo kwenye miaka 75 hivi, ilhali kasi ilikuwa imeshaanza kushuka tangu ujanani. Kinachopanda kikajumlishwa na kinachoshuka, kikatoka kilele cha miaka 55 hadi 60, kisha mteremko kuanzia karibu 65, mkali zaidi baada ya 75. Kilele hicho ni zao la hesabu ya wastani. Anayeipa kasi uzito mkubwa zaidi, tuseme kwa kazi ya kuongoza ndege, atapata umri mwingine. Tena wastani hausemi lolote juu ya mzee fulani wa Mkoani. Miongoni mwa watu wenye miaka 70 tofauti ni kubwa mno, wengine wakiwapita wa miaka 40 bila taabu. Kuutumia utafiti huu kama hati ya kumbakisha bwana fulani kitini ni kuubebesha mzigo ambao wenyewe waandishi hawakuupakia.

Kosa la wanaodhani uzee ni kudhoofika tu lina umri mkubwa zaidi, na kwetu lina madhara makubwa zaidi, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Watafiti wa awali walikuwa wakiwapima watu wa rika mbalimbali kwa wakati mmoja. Wakaona wa miaka 70 wameachwa mbali na wa miaka 25, wakahitimisha kuwa miaka imekula akili. Mwaka 1956, huko Seattle, K. Warner Schaie alianza kufanya kazi ya subira: akawapima watu, kisha akawarudia walewale kila baada ya miaka saba, huku akiongeza wapya. Sura ikawa nyingine. Ukiacha kasi, uwezo mwingi ulibaki ulipo au ulipanda hadi miaka ya hamsini, na mshuko wa wastani unaoonekana wazi ulikuja baada ya miaka 60. Sehemu kubwa ya pengo lile la mwanzo ilikuwa tofauti ya vizazi, maana waliozaliwa baadaye walisoma zaidi na kukua katika hali bora. Miaka ya 1980 James Flynn akaonyesha kuwa katika nchi nyingi za viwanda alama za vipimo vya akili zilikuwa zikipanda takriban pointi tatu kila miaka kumi. Kijana wa leo na mzee wa leo hawakuanzia mstari mmoja.

Sasa lilete hilo Pemba. Elimu bila malipo ilitangazwa Zanzibar tarehe 23 Septemba 1964. Bibi aliyezaliwa Micheweni mwaka 1948 siku hiyo alikuwa msichana wa miaka 15 au 16, na umri wa kuanza skuli ulikuwa umeshampita. Mjukuu wake ana cheti cha kidato cha sita. Wakalishe pamoja, wape karatasi yenye maumbo na namba, halafu useme tofauti ya alama zao ni tofauti ya miaka yao: hapo utakuwa umepima historia ya Zanzibar ukaiita ubongo. Watafiti waliokuwa wakichunguza maradhi ya kupoteza kumbukumbu katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, walikutana na tatizo hilo. Vipimo vilivyotungwa nchi za Magharibi vinamtaka mtu aandike sentensi, na asiyejua kuandika anahesabiwa mgonjwa kabla hajafungua mdomo. Ikabidi watengeneze kipimo cha kuulizwa kwa mdomo, chenye kazi ndogo ya kupanga njiti za kiberiti. Nchini mwetu hoja ya kwamba wazee hawana akili tena hutolewa na watu ambao hawajawahi kujiuliza kipimo chao ni kipi.

Hata hivyo vijana wana hoja nzito wakiieleza vizuri. Sensa ya 2022 ilihesabu Wazanzibari 1,889,773, na wengi wao ni vijana. Mifumo ya kazi inabadilika kila baada ya miaka michache. Anayeamua juu yake ni lazima aweze kujifunza upya, na kujifunza upya ndiko kunakoanza kuwa kazi nzito mapema. Hilo ni kweli na halipaswi kufichwa kwa heshima. Ila hoja hiyo inadhani kila uamuzi ni wa namna hiyo. Mwaka 2009 wachumi wa Marekani wakiongozwa na Sumit Agarwal walichunguza makosa ya watu katika mikopo na kadi za benki, wakakuta wanaokosea kidogo kuliko wote ni wa miaka 53 hivi: wadogo zaidi hawajui ya kutosha, wakubwa zaidi wanaanza kupitwa. Kijana anayedhani pesa za ofisi ziko salama zaidi mikononi mwake kwa sababu anajua kompyuta, takwimu hizo hazimpi nguvu.

Wazee nao huleta mifano. Watakutajia Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar wa mwaka 1948, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021 akiwa na miaka 72 na akatoa riwaya nyingine mwaka 2025. Watakutajia Haji Gora Haji wa Tumbatu, aliyezaliwa 1933, ambaye diwani yake ilichapwa mwaka 1994 alipokuwa ameshavuka miaka 60. Mifano mizuri, na haithibitishi kitu. Watu wa aina hiyo ni nadra katika rika lolote, na kazi yao ni ya akiba hasa, lugha na kumbukumbu, isiyo na saa ya kuwakimbiza. Hoja yao ya pili, kwamba aliyekula chumvi nyingi lazima ana hekima, ni dhaifu zaidi. Huko Berlin, Paul Baltes na wenzake waliwapa watu wa umri mbalimbali matatizo magumu ya maisha wayatolee ushauri, wakapima ubora wa ushauri wenyewe. Baina ya miaka 25 na 75 umri peke yake haukuongeza hekima. Kilichokuwa na uzito ni mambo aliyoyapitia mtu na namna alivyojifunza kutokana nayo. Sote tunamjua mzee aliyerudia mwaka mmoja mara arubaini.

Lakini hoja nyepesi kuliko zote, na inayorudiwa kila mahali, ni ile ya kuwa mtu mzima hafundishiki. Msemaji hutoa methali ya samaki mkunje angali mbichi, kisha hufunga mjadala. Methali hiyo ilisemwa kwa ajili ya malezi ya watoto. Haikusemwa juu ya mama wa miaka 45. Ushahidi wa kuipinga uko pwani ya mashariki ya Unguja. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza kule mwaka 1989, Paje na Jambiani, na kabla ya hapo hakuna bibi aliyewahi kumfundisha mjukuu kazi hiyo kwa sababu haikuwepo. Wanawake wakubwa wenye watoto na wajukuu walijifunza kupigilia vigingi mchangani, kufunga miche kwenye kamba, kupanga siku zao kwa bamvua, kutofautisha mwani unaostahimili joto na usiostahimili. Bamvua walilijua tangu utotoni. Kilimo kilikuwa kipya. Akiba ikabeba upya. Na maabara yanasema hivyo hivyo: mwaka 1986 Schaie na Sherry Willis waliwapa wazee mafunzo ya saa tano tu, theluthi mbili wakapanda alama, na kati ya waliokuwa wameshuka, karibu asilimia 40 walirudi walipokuwa miaka 14 nyuma. Jaribio kubwa la Marekani la watu zaidi ya 2,800 wenye miaka 65 na kuendelea lilionyesha kuwa faida ya mafunzo ya kufikiri na ya kasi ilikuwepo bado baada ya miaka kumi, ingawa ile ya kumbukumbu haikudumu, na aliyefunzwa jambo moja hakuwa hodari wa mengine. Mtu mzima hufundishika katika kile anachofundishwa. Anayeuza programu ya simu akidai itamfanya babu yako awe na akili ya ujanani anauza maji ya bahari.

Liko jambo ambalo pande zote mbili hazilitaji kabisa, na kwangu ndilo kubwa. Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la Lancet liliorodhesha mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, likakadiria kuwa karibu asilimia 45 ya maradhi ya kupoteza kumbukumbu duniani yangeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kama yangeshughulikiwa. Yamo presha na sukari, kutosoma utotoni, upweke, kutosikia vizuri, na safari hii yameongezwa mafuta mabaya ya damu na upungufu wa kuona usiotibiwa. Isome orodha hiyo ukiwa Zanzibar, utaona nyumba zetu. Mzee aliyeacha kujibu vizuri tunasema uzee umemwingia, tunampa kitanda cha kona na redio. Huenda hasikii unachomuuliza. Huenda dawa ya presha aliiacha mwaka juzi alipojisikia vizuri. Huenda hakupata miwani ya kusomea msahafu, akauacha, na kwa kuuacha akapoteza zoezi lake kubwa la kila siku. Presha inayomharibu ilianza akiwa na miaka 45, anabeba magunia ya karafuu na kila mtu akimsifu kwa nguvu zake.

Kwa hiyo mjadala wa kustaafu tunauendesha kichwa chini. Utumishi wa umma wa Zanzibar umeweka mstari kwenye miaka 60, na mstari wenyewe siupingi: serikali inahitaji tarehe, vijana wanahitaji nafasi. Ila siku hiyo mtu huondoka na vyote, vinavyoshuka na visivyoshuka, na ofisi inampoteza mtu pekee anayekumbuka mgogoro wa shamba fulani ulianzaje kabla ya faili kuandikwa. Akibakishwa kwa mkataba, anabakishwa na kazi nzima, pamoja na kukimbizana na mfumo mpya wa kompyuta, akaonekana kituko mbele ya watoto wake. Kazi yenyewe ndiyo ya kugawanywa. Miaka miwili ya mwisho ya mtumishi iwe ya kukabidhi ujuzi kwa mtu aliyetajwa kwa jina, na baada ya hapo aitwe siku chache kwa faili zinazomhusu, bila cheo. Mzee aliyezoea kuamua kwa utulivu asiwekwe pahala pa kuamua kwa haraka. Hili linagusa hata nyumbani: matapeli wa ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hutafuta kuharakisha, wala hawajali mtu ana maarifa kiasi gani, na mzee mwenye hekima zote ananaswa kwa sababu amenyimwa dakika za kutafakari. Kijana naye hunaswa, ila kwa kujiamini.

Linabaki swali la nani aseme fulani amefikia pahala pa kuachia usukani, awe nahodha, daktari wa upasuaji au hakimu. Umri haujibu, na aibu ya kumwambia mtu mzima ukweli inatuzuia tusiulize. Kazi ya Schaie inaonyesha njia: mlinganishe mtu na yeye mwenyewe wa zamani, wala usimlinganishe na kijana wa jirani. Maana yake ni kwamba kumpima akiwa na miaka 70 ni kuchelewa, kwa sababu huna cha kumlinganishia. Pensheni Jamii, inayolipwa tangu Aprili 2016 kwa kila mwenye miaka 70, ni pahala pazuri pa kukagua masikio, macho na presha. Kipimo cha kufikiri kinatakiwa kianze kwenye miaka 45, katika kliniki ambako mtu amekwenda kwa presha yake: maswali ya mdomo ya dakika chache, kwa Kiswahili, yasiyohitaji kalamu, na matokeo yake yaandikwe kwenye kadi yake na kurudiwa kila baada ya miaka michache. Gharama ni kumfundisha muuguzi na kuchapa karatasi. Wizara ya Afya ikitaka watu wa kuanzia, ianze na watumishi wake yenyewe wenye umri huo, maana faili zao inazo.